Mume ameitwa kuhudumu Ujerumani: mimi na watoto tunakwenda kama nani?

Swali: Mume wangu ni mchungaji wa KKKT huku Usambara. Dayosisi imemteua kwenda kuhudumu Westfalen, Ujerumani, kwa miaka 5, kuanzia katikati ya mwaka ujao. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kanisa. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 13 anayemaliza darasa la saba, mvulana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3. Barua ya uteuzi imemtaja Mchungaji, halafu imeandika "na familia yake". Ndugu wananishauri niache kazi nimfuate mume, na binti mkubwa nimwache bweni asome. Je, niache kazi? Nimwache mtoto? Na maisha ya kule tuyaandae vipi?

Jibu:

Mama Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Kabla sijagusa habari za viza, shule na baridi, naomba tuanzie pale barua ya dayosisi ilipoishia. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwaandaa watumishi wa makanisa yetu wanaokwenda kuhudumu Ulaya, na kuwapokea wanaporudi. Nimeona huduma zikivunjika katikati, na mara chache sana sababu ilikuwa Mchungaji kushindwa kuhubiri. Mchungaji akifika anakuta ofisi, ratiba, na watu wanaolijua jina lake. Watoto baada ya muda mfupi wako shuleni. Anayebaki ndani ya nyumba asiyoichagua, bila lugha, bila kazi, bila jirani wa kumpigia hodi, ni mwenzi wake. Kwa kawaida ni mama, ingawa siku hizi tunao wachungaji wanawake na waume zao hukumbwa na hali ile ile. Huyo akikosa raha, nyumba nzima inakosa raha, na Mchungaji anaanza kugawanyika kati ya usharika na machozi ya nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu wote utakuja na jambo moja ndani yake: nenda ukiwa na lugha yako, shughuli yako na nafasi yako katika makubaliano, na yawe yameandikwa kabla tiketi haijakatwa.

Historia ya misheni huku kwetu imeandikwa zaidi kwa majina ya wanaume, na hilo limetuachia mazoea mabaya. Kila mwanafunzi wa chuo cha Biblia anamjua Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Wachache wanamtaja Rosine, mkewe, aliyefariki hapo hapo Mombasa mwezi Julai mwaka huo huo, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Huku Usambara tunasimulia kuja kwa wamisionari mwaka 1891, wale ambao misheni yao baadaye ilihamia Bethel, Bielefeld, huko huko Westfalen mnakokwenda. Baadhi ya waliokuja walikuwa na wake waliojifunza Kisambaa, wakaendesha shule za wasichana, wakahudumia wagonjwa, na kwenye kumbukumbu wakaingia kama "mke wa". Leo njia imegeuka. Misheni ya Bethel iliungana na ile ya Rhein mwaka 1971 ikazaliwa VEM ya Wuppertal, na tangu mwaka 1996 VEM ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, ambao dayosisi yenu na kanisa la Westfalen wote ni wanachama. Ndiyo maana mume wako anaitwa. Nisingependa tuige na lile kosa la kumsahau anayekwenda naye.

Sasa kazi yako. Usiiache. Omba likizo bila malipo, kwa maandishi, na mapema. Una nafasi ambayo wengine hawana: mwajiri wako ni kanisa, na kanisa hilo hilo ndilo linalomtuma mume wako. Ofisi ya dayosisi haiwezi kusema habari za ajira yako haziihusu. Omba barua inayosema nafasi yako na daraja lako vitasubiri, au kwamba utapewa nafasi inayolingana ukirudi. Uliza michango yako ya NSSF itakuwaje kwa miaka hiyo, na kama utachangia kwa hiari, nani atalipa. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache ife. Pata maelekezo ya kuihuisha ukiwa nje.

Na kule je? Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenzi anayeingia kwa kibali cha kuungana na familia kufanya kazi, hahitaji kibali kingine cha ajira. Ni kweli pia kwamba hospitali na nyumba za wazee zina uhaba mkubwa wa wauguzi. Lakini usimwamini anayekuambia utavaa sare wiki ya pili. Uuguzi ni taaluma inayolindwa. Cheti chako lazima kitambuliwe na serikali ya jimbo. Wanalinganisha masomo yako na ya kwao, somo kwa somo na saa kwa saa, halafu mara nyingi wanakuandikia kinachopungua, na wewe unachagua kati ya kozi ya kujazia au mtihani. Juu ya hayo wanataka Kijerumani kizuri, kwa kawaida kiwango cha B2 (ngazi za lugha hupanda kutoka A1 ya mwanzo, A2, B1, B2, hadi C1 na C2), ambacho mtu mzima mwenye watoto hakipati kwa miezi michache. Wakati ukisubiri unaweza kufanya kazi kama msaidizi wa uuguzi, na hiyo ni shule nzuri ya lugha kwa sababu wazee wana muda wa kuongea.

Kwa hiyo anza kukusanya karatasi sasa, ukiwa karibu na chuo ulichosoma. Cheti peke yake hakitoshi. Unahitaji orodha ya masomo yako yote pamoja na saa za nadharia na za mazoezi wodini, leseni, na barua za mwajiri zinazoeleza umefanya kazi wodi gani na kwa muda gani. Nimeshuhudia dada mmoja akisubiri ukurasa mmoja wa chuo kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu aliyekuwa na uwezo wa kuusaini alihamishwa na hakukuwa na mtu wa kufuatilia. Maombi ya kutambuliwa cheti yanaweza kutumwa hata kabla hujasafiri.

Ukiona njia hiyo ni ndefu mno kwa miaka 5, hilo nalo ni jibu halali. Wapo waliochagua kusoma, wapo walioingia katika kazi za diakonia, yaani huduma za kijamii za kanisa, chekechea au jikoni mwa usharika. Ninachokuomba ni uchague mwenyewe, na mapema, usije ukajikuta umekaa nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyekuuliza.

Lugha ndiyo itakayoamua mengi ya haya. Ubalozi kwa kawaida humtaka mwenzi aonyeshe Kijerumani cha A1 kabla ya viza, na mtumishi wa dini naye anatakiwa awe na lugha. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam, na kutoka Lushoto hiyo maana yake ni kuhama kwa wiki kadhaa au kusoma kwa mtandao kisha kwenda kufanya mtihani. Hapa ndipo ninapoona ukosefu wa haki ukirudiwa: Mchungaji anapewa ruhusa, nauli na posho ya kozi, mama anaambiwa ajisomee jioni baada ya zamu, watoto wakishalala. Dai kozi ile ile. Na mkifika kule, dai tena. Kozi ya kawaida ya serikali kwa wageni ina saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, na inakufikisha B1. Muulize mwenyeji wenu, yaani jimbo la kanisa litakalowapokea, nani atalipa, iko mji gani, na nani atamshika mdogo wakati ukiwa darasani. Hilo la mwisho halikosi kusahaulika.

Kuhusu huyo mdogo: mtoto wa miaka 3 ana haki ya kisheria ya nafasi ya chekechea, ambayo wao huiita Kita, lakini haki ni jambo moja na nafasi kupatikana ni jambo jingine. Mwenyeji amwandikishe miezi mingi kabla hamjafika. Chekechea nyingi ni za sharika zenyewe, kwa hiyo mchungaji mwenyeji akipiga simu inasaidia. Na siku za kwanza hutamwacha mlangoni uondoke. Wana utaratibu wa kumzoesha: mzazi anakaa naye humo ndani, siku ya kwanza labda saa moja, halafu anatoka dakika chache, kisha nusu saa, hadi mtoto awe tayari kubaki peke yake. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Usipange kuanza kozi ya lugha wiki hiyo hiyo.

Sasa nifike kwa binti yako, maana naona ndiye anayekunyima usingizi.

Ushauri wangu ni aende nanyi. Najua hoja ya ndugu: atakosa sekondari ya nyumbani, Kijerumani kitamchelewesha, akirudi hatakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hoja hizo zina uzito. Lakini wamisionari wa karne ya 19 walifanya hivyo hivyo kwa upande wao. Waliwarudisha watoto Ulaya wakasome. Misheni ya Basel ilikuwa na nyumba maalumu ya watoto hao. Wengi walikua wakiwajua wazazi wao kwa barua tu, na wakikutana tena ni watu wazima wasiojua waanzie wapi kuzungumza. Miaka ya 14 hadi 19 ndiyo binti anamhitaji mama yake kwa mambo ambayo matron wa bweni hatayauliza.

Ipo na sababu ya kisheria ambayo ndugu hawaijui. Mtoto anayehama pamoja na wazazi haulizwi lugha. Lakini akibaki nyuma, akafikisha miaka 16, halafu mkaona hali ya bweni si nzuri mkataka awafuate, atatakiwa aonyeshe Kijerumani cha juu sana, kiwango cha C1, au athibitishe kwa elimu yake na maisha yake kwamba atamudu kuishi kule. Mlango unakuwa mwembamba mno. Anayesema "mwache amalize kidato cha nne kwanza, atawafuata" anakupa mpango ambao huenda usitekelezeke.

Ningebadili ushauri kama angekuwa kidato cha tatu, au kama mngekwenda kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa umri wake na kwa miaka 5, aende. Mwambieni ukweli kwamba mwaka wa kwanza utakuwa mgumu kwake kuliko kwa wadogo zake. Atawekwa katika darasa la wageni ajifunze lugha, huku akichanganywa na wenzake kwenye michezo, sanaa au hesabu. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani Lushoto atajiona mjinga kwa miezi. Awe na vitabu vyake vya hesabu vya hapa, maana hesabu itamrudishia heshima yake kabla lugha haijakaa.

Mpango wa elimu wa Ujerumani unawagawa watoto mapema. Katika Nordrhein-Westfalen, jimbo la serikali ambamo Westfalen imo, shule ya msingi ni miaka 4 tu, kisha wanaelekezwa kwenye shule za aina tofauti, na ni Gymnasium ndiyo inayoelekeza moja kwa moja chuo kikuu. Mgeni asiyejua lugha husukumwa kwa urahisi kwenye shule ya chini, na wazazi waungwana wanakubali kwa sababu mwalimu amesema. Ulizeni habari za Gesamtschule, ambako watoto wa viwango vyote wanasoma pamoja na mlango wa kupanda unabaki wazi. Mvulana wako wa miaka 8 ataingia shule ya msingi na baada ya muda mfupi utafika huo huo uamuzi, kwa hiyo hudhurieni mikutano ya wazazi hata kama mnaelewa nusu.

Malengo ya binti yawe kumaliza darasa la 10 na kupata cheti chake, kisha NECTA hufanya kazi ya kulinganisha vyeti vya nje. Muda wa kurudi usiamuliwe na mkataba wa Mchungaji peke yake; utazameni pamoja na darasa lake. Na mjiandae kwa jambo moja zito: akiwa na miaka 19 anaweza kusema anataka kubaki asome au ajifunze ufundi. Lizungumzeni mapema, lisije likawaangukia mwezi wa kufunga mizigo.

Nyaraka za familia nitazipitia haraka. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA kwa kila mmoja, cheti cha ndoa, ripoti za shule. Cheti cha ubatizo ni kizuri kwa usharika lakini ubalozini hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Kadi za kliniki za watoto zibebeni kama mnavyobeba pasipoti. Tangu Machi 2020 sheria inataka mtoto anayeingia shule au chekechea awe na uthibitisho wa chanjo mbili za surua, na bila hiyo chekechea haitampokea. Mkiingia kwenye nyumba, ndani ya wiki mbili mjiandikishe ofisi ya mji, maana bila karatasi ya anwani hamfungui akaunti wala hamshughulikii kibali. Leseni ya udereva ya Tanzania mtaitumia miezi 6 tu. Baada ya hapo ni mitihani ya nadharia na ya barabarani, na gharama mara nyingi inazidi euro 2,000. Sharika nyingi za vijijini hazihudumiwi vizuri kwa basi, kwa hiyo nani atalipia leseni ya Mchungaji, na yako, liwemo kwenye makubaliano.

Malezi yanahitaji maneno marefu kidogo, kwa sababu hapa familia nzuri za Kikristo zimejikuta kwenye matatizo bila kukusudia uovu. Ujerumani, tangu mwaka 2000, sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa wala kudhalilishwa. Siyo fimbo tu. Kofi la mzazi nalo limo. Mwalimu akiona alama, au mtoto akisimulia darasani, anaweza kuiarifu Jugendamt, ofisi ya vijana na watoto ya mji. Watu wetu huiogopa ofisi hiyo kama polisi, na hofu hiyo inawafanya wajifiche hata pale ambapo wangesaidiwa. Kazi yake ya kwanza ni kusaidia familia, na ina washauri wa malezi mnaoweza kuwaendea wenyewe. Lakini uwezo wa kumtoa mtoto nyumbani inao, mahakama ikihusika. Wewe na Mchungaji kaeni chini sasa, mkiwa bado Lushoto, mkubaliane nidhamu ya nyumba yenu itakuwaje bila kiboko, na mwanze kuitumia hapa. Kuanza upya mkiwa mmechoka, katika nchi ya watu, na kijana wa miaka 14 anayewaambia "mkinipiga nitasema shuleni", ni mwanzo wa kushindwa.

Jingine la malezi ni lugha ya nyumbani. Baada ya mwaka watoto watakuwa wanagombana kwa Kijerumani. Msiwazuie, lakini wewe na baba yao endeleeni kusema Kiswahili, na Kisambaa kama ndicho cha nyumbani. Someni Biblia na kuomba kwa Kiswahili, na bibi apigiwe simu kila wiki azungumze na kila mjukuu. Na tafadhali, usimfanye binti yako mkalimani wako. Kwa daktari, benki, au kwenye barua ya kodi, omba mtu mzima. Mtoto anayebeba siri za afya na fedha za wazazi wake anazeeka mapema, na heshima ndani ya nyumba inapinduka.

Kanisa mtakalolikuta mnalijua kwa majina, kwa sababu wageni wa ushirikiano wamekuja Usambara miaka na miaka. Kuishi humo ni habari nyingine. Mwisho wa mwaka 2023 makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalikuwa na washirika wapatao milioni 18.6, na kila mwaka yanapoteza mamia ya maelfu kwa vifo na kwa watu kujitoa. Kujitoa ni kitendo cha kisheria: mtu anakwenda ofisi ya serikali, anasaini, na kodi ya kanisa inakoma kukatwa. Huko Westfalen kodi hiyo ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na ndiyo inayolipa mishahara na majengo. Jumapili ya kawaida mtakuta ibada inayochukua muda wa saa moja tu, wazee wachache wameketi mbali mbali, kinanda kizuri, na hakuna mnada nje baada ya ibada. Wachungaji wetu wakifika hushikwa na huzuni, wengine hukimbilia kusema kanisa hili limekufa. Mwambie Mchungaji asiseme hivyo mwaka wa kwanza. Aende kwanza na mchungaji mwenyeji kwenye nyumba za wazee, kwenye mazishi, kwenye madarasa ya kipaimara, aone imani inavyofanya kazi kwa sauti ndogo. Diakonia ya Bethel pekee, na wagonjwa wa kifafa na watu wenye ulemavu inaowahudumia tangu karne ya 19, inatosha kumfundisha mengi.

Kuna jambo ambalo wengi hulificha hadi linapolipuka. Kanisa la Westfalen linafungisha ndoa za watu wa jinsia moja. KKKT, kwa tamko la maaskofu lililotolewa Dodoma mwaka 2010, inazikataa. Mchungaji atatumikia chini ya makanisa mawili yenye misimamo hiyo miwili. Azungumze na Baba Askofu, na pia na mkuu wa jimbo la kule, kabla ya kusafiri: akiombwa afungishe, atajibu nini na nani atasimama naye. Wenyeji wengi wanaheshimu dhamiri ya mgeni akisema wazi mapema. Wanachoumizwa nacho ni kushtukizwa.

Kwa upande wako, usharika utakupenda kwa haraka na kwa njia zinazochosha. Mtaombwa mwimbe, mvae vitenge, mueleze umaskini wa Afrika, watoto wasimame mbele. Mara ya kwanza ni furaha. Ikiwa kila tukio ni hivyo, unayo haki ya kukataa, hasa kwa niaba ya watoto. Sema wewe ni muuguzi, uko tayari kuzungumza kuhusu wodi ya wazazi uliyoifanyia kazi, na utaona mazungumzo yanabadilika.

Ubaguzi upo. Watoto wanaweza kutukanwa kwenye basi au uwanjani, na wewe utakutana na macho dukani. Waambieni watoto kabla, kwa maneno mepesi, kwamba likitokea si kosa lao na waje waseme nyumbani siku hiyo hiyo. Kisha mzazi aende shuleni. Shule nyingi huchukua hatua mzazi akilipeleka jambo kwa maandishi.

Upweke ni mgumu zaidi kwa sababu hauna wa kulaumiwa. Hakuna hodi, watu wanaalikana kwa tarehe, wakati mwingine wiki tatu mbele, kwa kahawa na keki saa tisa alasiri. Jumapili maduka yamefungwa na mitaa imenyamaza. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi na robo jioni, na watoto wanakwenda shule gizani. Ndiyo maana napenda mfike mwezi Juni au Julai: mwanga ni hadi karibu saa nne usiku, watu wako nje, na mwaka wa shule uko mbele yenu. Makoti msinunue Dar. Ya kule yanafaa zaidi, na maduka ya mitumba ya diakonia ni ya bei ndogo. Krismasi ya kwanza iwekeni akilini mapema. Sikukuu kubwa kwao ni jioni ya tarehe 24, ya familia, milango imefungwa, na baada ya ibada mnaweza kujikuta peke yenu siku tatu. Mwezi Novemba mwambieni mwenyeji waziwazi kwamba mngependa kualikwa, au alikeni Watanzania walio jirani. Unga wa ugali unapatikana katika maduka ya Waafrika ya miji mikubwa.

Fedha nazo. Mshahara utakaoandikwa kwenye mkataba sio utakaoingia benki. Kodi, bima ya afya na pensheni hukatwa kwanza, halafu kodi ya nyumba na gharama za kupasha joto, ambazo mwisho wa mwaka huweza kuja na deni. Kuna posho ya watoto, mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, lakini kuipata kunategemea aina ya kibali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuihesabu. Mchango wa pensheni aliokatwa Mchungaji msiuache kule mkirudi: asiye na haki ya kuendelea kuchangia anaweza kuomba arudishiwe sehemu yake baada ya miezi 24. Kateni bima ya madhara kwa wengine, ni fedha ndogo kwa mwaka, siku mvulana atakapovunja kioo cha gari la jirani mtashukuru. Na ndugu: watawaona mko Ulaya. Kubalianeni ninyi wawili kiasi cha kutuma kila mwezi kwa pande zote mbili, mkitangaze, na mkishike.

Hapo hapo kwenye fedha, uliza juu ya misiba. Mikataba mingi inalipa nauli akifiwa Mchungaji na mzazi wake. Wazazi wako nao watajwe.

Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha, andika barua kwa katibu mkuu wa dayosisi, nakala kwa mwenyeji wa kule, wewe na Mchungaji mkisaini wote wawili. Iombe kozi ya lugha kwa wote wawili hapa na kule, na malezi ya mdogo saa za darasa. Likizo yako bila malipo na nafasi yako hospitalini. Nauli ya likizo ya nyumbani katikati ya miaka 5 kwa familia yote. Misiba ya pande zote mbili. Leseni za udereva. Na Mchungaji atarudi kwenye nafasi gani, kwa sababu nimewapokea watumishi waliorudi wakakuta hawana usharika wala nyumba. Omba majibu kwa maandishi. Wakichelewa, mfuate katibu mkuu ofisini, na Mchungaji aende pamoja nawe.